Kibao Shingoni mwa Mhoja

Jumatatu, 12 Januari 2009

Shule imefunguliwa na mvua. Nimepangiwa Darasa la Tatu. Niliposhuka kwenye lori la Tunduma juzi nilidhani joto la huku bondeni litaniua. Sisi wa Ihanda tumezoea ukungu na kahawa, hatukuzoea jua linalochoma hata kabla ya uji. Lakini shule ni nzuri kuliko nilivyoambiwa. Ua umefyekwa, kengele inapigwa kwa wakati, vyoo vina milango. Mwalimu Mkuu, Enoka Simbeye, ni mtu wa utaratibu. Alinibebea ndoo yangu ya vyombo mwenyewe mpaka nyumba ya walimu.

"Madam Tabita," aliniambia, "kijiji hiki kina watu wa kila namna. Dawa yake ni Kiswahili na nidhamu. Ukivishika hivyo viwili, tutaelewana."

Nikamwambia tutaelewana.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeanza kuwajua watoto. Wengi ni Wanamwanga, wenyeji. Wako Wasukuma, watoto wa wafugaji waliohamia ng'ambo ya mto na ng'ombe wao miaka miwili iliyopita. Yuko Fatu, binti wa Ramadhan mwenye duka, mtu wa Ujiji. Huyo Kiswahili amezaliwa nacho. Nimemkalisha karibu na dirisha pamoja na Ketrina, mjukuu wa Bibi Ruti, mwerevu na mwenye ulimi, na Mhoja, binti wa Kisukuma mwenye macho makubwa anayeandika herufi nzuri kuliko zangu. Dawati moja, wote watatu. Wanasukumana viwiko siku nzima.

Leo ndipo nilipoona kibao. Ni kipande cha mbao, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyeusi: SIJASTAARABIKA. Anayesikika akiongea kilugha anavishwa shingoni na kiranja, na atakivua tu akimsikia mwenzake akikosea. Atakayekuwa nacho kengele ya mwisho anachapwa na kufagia choo. Desturi ya shule, naambiwa. Sikuipenda kamba ile. Lakini mimi ni mgeni, na ni kweli Kiswahili kimetuunganisha. Nimenyamaza.

Ijumaa, 23 Januari

Kibao: Mhoja.

Jumatatu, 26 Januari

Mvua tangu asubuhi. Bati linapiga kelele, nimefundisha kwa ishara kama bubu. Kibao: Mhoja.

Jumatano, 28 Januari

Kibao: Mhoja mpaka saa nne, kisha mvulana mmoja wa Darasa la Tano, Msukuma pia, kisha Mhoja tena.

Ijumaa, 30 Januari

Mhoja.

Jumanne, 3 Februari

Leo nimeudhika mpaka chai imenishinda.

Wakati wa mapumziko nilisimama barazani. Wasichana walikuwa wanaruka kamba, wanaimba kwa Kinamwanga, na kiranja mwenyewe anawahesabia kwa Kinamwanga, tena kwa sauti ya juu. Mhoja amekaa kwenye ngazi, kibao kifuani, mdomo umefungwa.

Nikamwita kiranja. "Kibao kiko kwa nani?"

"Kwa Mhoja, Mwalimu."

"Na hawa wanaoimba?"

Akawatazama, akanitazama, haelewi ninachouliza. "Hao wanaongea kawaida, Mwalimu."

Wanaongea kawaida! Yule mtoto hakudanganya. Ndivyo masikio yake yalivyofundishwa. Lugha ya mama yake ni kawaida, lugha ya mama wa mwenzake ni kosa. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilimkuta mlangoni, anamfokea mpishi wa uji, na anamfokea kwa Kinamwanga. Nilingoja amalize. Nikamweleza.

Akacheka. "Madam, Kinamwanga ndiyo lugha ya hapa. Mgeni ndiye anayepaswa kujifunza."

"Basi kibao kiandikwe MIMI NI MGENI," nikasema. "Tena mnivishe na mimi."

Aliacha kucheka.

Alhamisi, 5 Februari

Somo la maji lilikuwa kwenye ratiba: mvua, mito, visima. Nikaona nianzie nyumbani kwao.

"Mama akikutuma kisimani, anakwambia ukalete nini?"

Wote wakageuka kumtazama kiranja wa darasa. Nikasema leo ndani ya chumba hiki kibao kimelala. Ketrina, kwa kuwa hawezi kunyamaza, akasema, "Aminzi!"

Nikaandika ubaoni. Nikasema kwetu Unyiha nasi tunasema hivyo hivyo. Nikamgeukia Mhoja. Alivuta pumzi kama anayeingia kwenye maji ya baridi. "Minzi," akasema.

Darasa likalipuka. "Anasema chetu! Mwalimu, anasema chetu!" Ketrina alimgeukia mwenzake kama ndiyo kwanza anamwona. "Kumbe unajua?" Wakaulizana neno la mvua. Mhoja akasema mbula, Ketrina akasema imvula, wakacheka mpaka Fatu akalalamika kwamba yeye hana neno lake. Nikamwambia neno lake ndilo tunalotumia sote kuulizana. Akaridhika, akaketi kama malkia.

Sijafundisha somo tamu namna hii tangu nitoke chuoni.

Ijumaa, 6 Februari

Nimekatazwa. Mwalimu Mkuu ameniita mbele ya wenzangu. "Hii si shule ya kabila, Madam." Nikamuuliza kama si ya kabila, mbona kabila moja tu linafagia choo. Mwalimu Lusubilo, Mndali wa Ileje, alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu akanishauri nipoe. "Mimi nilivaa kibao miaka yote ya shule, na leo ni mwalimu."

"Na leo unawavisha wenzako," nikamjibu. Akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 10 Februari

Mhoja. Mvua.

Ijumaa, 13 Februari

Mhoja. Kamba imemchubua shingo. Nimempaka mafuta. Hakusema kitu.

Jumapili, 15 Februari

Wakati tunatoka ibadani habari zimetukuta njiani: ng'ombe wameingia kwenye mpunga wa Mzee Sunday, mwenyekiti wa kamati ya shule, baba yake Ketrina. Nimekwenda kuona. Wamekula na kukanyaga kipande kikubwa. Tope tupu na mabua yaliyovunjika. Mzee Sunday alikuwa amesimama katikati, suruali imekunjwa magotini. Nilimhurumia kabisa. Mpunga wa mtu ni mwaka wake.

Jumatatu, 16 Februari

Nitaandika yote, nisije baadaye nikajidanganya kwamba haikuwa mbaya hivyo.

Mstarini asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, Mwalimu Mkuu alimwita Mhoja mbele. Shule nzima. Mvua nyepesi inanyunyiza. Akamvisha kibao kwa mkono wake mwenyewe, ilhali mtoto alikuwa hajafungua hata mdomo. Mzee Sunday alikuwa amekuja, amesimama pembeni na fimbo yake ya kutembelea.

"Huyu ni mtoto wa nani?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Wa Makene!" watoto wakaitikia.

"Ng'ombe wa Makene wamefanya nini?"

"Wamekula mpunga!"

Akamwinamia Mhoja. "Hebu tuambie. Ng'ombe wenu wanasikia lugha gani? Maana Kiswahili cha 'usile cha mtu' hawakisikii."

Wakacheka. Watoto mia kadhaa wakacheka, na nilimwona Ketrina wangu anacheka kuliko wote, kwa hasira, machozi yanamtoka kwa ajili ya mpunga wa baba yake. Mhoja alikuwa amesimama wima. Kisha nikaona maji yanamtiririka miguuni, yanaingia kwenye ndala, na walio mbele wakaruka nyuma wakipiga mayowe.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka nilikivua kibao, nikakiweka mikononi mwa Mwalimu Mkuu, nikamshika mtoto mkono.

"Madam Tabita, rudi kwenye nafasi yako."

"Nafasi yangu ni hapa."

"Nitaandika kwa Mratibu wa elimu!"

"Andika. Usisahau kuandika na haya maji yametoka wapi."

Nilimpeleka nyumbani kwangu, nikampa maji ya kuoga na kanga yangu. Nilimwambia pole kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kinyiha. Aliniangalia tu. Mama yake alikuja kumchukua mchana. Alikunja ile sketi iliyolowa, akaifunga kwenye kitambaa, akatangulia.

Mtoto wa miaka tisa! Watu wazima wenye vyeti, wenye mashamba, wenye mihuri, wakaona wa kusimamishwa ni yeye!

Jumanne, 17 Februari

Mhoja hayupo.

Alhamisi, 19 Februari

Hayupo. Wasukuma wengine nao wamepungua. Mwalimu Mkuu anasema sasa shule imetulia.

Jumanne, 24 Februari

Hayupo. Ketrina na Fatu wamebaki na dawati pana, lakini hawajasogea; pengo liko pale pale kati yao. Leo Ketrina alikuja mezani kwangu na daftari, akajifanya anataka hesabu zisahihishwe.

"Mwalimu, Mhoja amekufa?"

"Hapana. Nani kakwambia?"

"Mbona haji?"

"Wewe unafikiri kwa nini?"

Akaangalia vidole vya miguu yake kwa muda mrefu. "Mimi nilicheka kwa sababu ya mpunga," akasema.

Jumamosi, 28 Februari

Nimekwenda ng'ambo ya mto. Ramadhan mwenye duka ndiye aliyenionyesha njia, maana huuza chumvi na sabuni huko. Tope mpaka goti, viatu nimebeba mkononi. Nyumba ya Makene imezungukwa na zizi na miti michanga waliyoipanda wenyewe. Watu wasiotaka kukaa hawapandi miti.

Mke wake, Restuta, ndiye yule aliyekuja na kitambaa. Alinipokea kwa maziwa. Kisha Makene akaja, mrefu, kofia mkononi, akanisalimia kwa adabu kuliko nilivyostahili, nikiwa nimetoka shule ile.

"Ng'ombe walikuwa wangu, Mwalimu," akaanza, kabla sijauliza. "Sikatai. Siku ile ile nilikwenda kwa Mzee Sunday, na mbele ya mtendaji tumeshayamaliza. Mwanamume akikosa anasema nimekosa. Lakini mtoto Jumapili alikuwa kanisani na mama yake. Hakuchunga. Kwa nini mlimchapa yeye kwa macho ya watu?"

Nikasema nimekuja kumwomba arudi.

Restuta ndiye aliyejibu, taratibu, anayatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Mwalimu, Mhoja haongei."

"Shuleni pia alikuwa kimya..."

"Hapana. Hapa. Nyumbani. Kisukuma haongei. Mdogo wake anamlilia wacheze, haongei. Bibi yake anamwita, anakwenda, anafanya kazi, haongei."

Makene akageuza kofia yake mikononi. "Nilimleta kwenu mumpe maneno mengine, Mwalimu. Mmemnyang'anya hata yale aliyokuja nayo."

Nimeyabeba maneno hayo njia nzima ya kurudi, kwenye tope lile.

Mhoja mwenyewe alikuwa kwenye kivuli cha ghala, anachambua mboga. Nilikaa chini karibu naye, nikachambua pia. Tulimaliza ungo mzima. Alinipokea vikonyo vya mboga, basi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeomba nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu Mkuu amekataa. Nimemwambia nitasimama hivyo hivyo.

Ijumaa, 13 Machi

Mkutano ulifanyika chini ya paa la darasa letu kwa sababu ya mvua. Wazazi walijaa, wengine madirishani. Makene na Restuta walikuja, wakakaa nyuma, na watu wakawaachia nafasi kubwa kama wana ukoma. Bibi Ruti, mama yake Mzee Sunday, alikuwa mbele kabisa kwenye kigoda alichokuja nacho.

Mwalimu Mkuu alisifia nidhamu. Akakiinua kibao juu watu wakione. "Hiki ndicho kimeifanya shule yetu iwe ya kwanza kwa Kiswahili katika kata."

Mzee Sunday akasimama kama mwenyekiti. Alianza vizuri, kwa Kiswahili cha mikutano, "ndugu wazazi" na "maendeleo". Kisha akafika kwenye mpunga. Hapo moyo ukampanda, na moyo wake hauongei Kiswahili. Akamwaga Kinamwanga, mfululizo, mkono unapiga meza, na wenyeji wanaitikia, na wafugaji kule nyuma wameinamisha vichwa bila kuelewa wanatukanwa nini. Mimi Mnyiha nilielewa nusu, na nusu ile ilinitosha.

Alipokaa nilisimama. Sikuitwa. Nilichukua kibao mezani, nikakiweka mbele yake taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomwandalia mkubwa chakula.

"Samahani, Mwenyekiti. Kwa sheria ya shule hii, sasa ni zamu yako."

Mwalimu Mkuu akasema, "Madam, hii ni dharau!" Nikamwambia, "Ndiyo, ni dharau. Ni dharau hii hii mnayomvisha mtoto wa miaka tisa kila siku. Mbona kwake mliiita nidhamu?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mtu akapaza sauti nirudi kwetu Ihanda nikachume kahawa. Nilifikiri yamekwisha, nitatolewa kwa mkono. Ndipo Bibi Ruti akajiinua kutoka kwenye kigoda. Akauliza kitu kwa Kinamwanga, mwanawe akamnong'oneza, pengine akimsomea yale maandishi. Bibi akamwambia arudie. Akarudia. Bibi akacheka, cheko kavu, kisha akaongea kwa sauti ambayo sikuijua kama anayo. Ramadhan alitutafsiria sisi tusioelewa vizuri, maana duka limemfundisha lugha zote za huku:

"Anasema yeye Kiswahili hajui. Tangu azaliwe hajui. Amewalea nyote humu kwa Kinamwanga, amewazika waume zenu kwa Kinamwanga. Anasema kama maandishi hayo ni ya kweli, mumvishe yeye kwanza. Anauliza ni nani atakayemvisha."

Akainamisha shingo yake nyembamba mbele ya mwanawe, akangoja.

Mzee Sunday hakukigusa kile kibao. Aliondoa kofia yake. Akamshika mama yake mkono, akamketisha. Kisha Restuta, kule nyuma kabisa, akainuka akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta: "Na mimi bibi yangu yuko hivyo hivyo." Basi, hakuongeza. Lakini wanawake wawili watatu wa mbele waligeuka kumtazama, na mmoja akasogea akagonga benchi kwa kiganja: njoo ukae huku.

Mkutano ulivunjika bila azimio lolote. Mwalimu Mkuu alinipita mlangoni kama anapita mti.

Jumatatu, 16 Machi

Kibao hakionekani. Mwalimu Mkuu ametafuta ofisi nzima, amewahoji viranja. Jioni Lusubilo alinipitia, amesimama nje ya uzio, hataki kuingia.

"Madam, kile kibao nimekipikia maharage," akasema. "Hayakuiva vizuri. Rangi ilinuka."

Nikamkaribisha chai. Akaingia.

Jumatano, 18 Machi

Mratibu wa elimu amekuja na pikipiki, matope mpaka kofia. Alizungumza na Mwalimu Mkuu mchana kutwa na mimi muda wa kunywa soda. Nimehamishwa. Shule karibu na Mbozi Misheni, baada ya Pasaka. "Ni kwa faida yako, karibu na kwenu." Nilimuuliza ni kosa gani nimefanya. Akasema hakuna aliyesema kosa, wamesema "kutokuelewana". Mwalimu Mkuu anabaki. Ameshasema atachonga kingine.

Aliyemwaibisha mtoto anabaki, aliyemfunika kanga anaondoka. Naandika hivi nione kama yatapungua uchungu yakikaa kwenye karatasi. Hayapungui.

Jumatatu, 23 Machi

Mhoja amerudi! Aliletwa na mama yake na, sikuamini, Mzee Sunday alikuwa amesimama getini. Alifungua geti tu, akalishikilia mpaka wakapita.

Mhoja ameketi mahali pake, kati. Anaandika. Haongei. Nilimwambia Fatu na Ketrina wasimlazimishe.

Ijumaa, 27 Machi

Haongei. Mvua zinapungua.

Jumanne, 31 Machi

Mzee Sunday ameiambia kamati kwamba wakati wake kibao hakitachongwa. Mwalimu Mkuu amesema kamati si walimu. Wanavutana. Nitakuwa mbali, sitaujua mwisho wake, na hilo nalo linaniudhi.

Ijumaa, 3 Aprili

Ketrina amekuwa akimnong'oneza Mhoja maneno ya Kinamwanga wakati wa kuandika, moja moja, kisha anangoja. Hajibiwi. Anajaribu lingine. Nilidhani mtoto huyu ana ulimi tu. Ana na subira, tena ya kumzidi mwalimu wake.

Alhamisi, 9 Aprili

Siku ya mwisho. Shule inafungwa kwa Pasaka. Lori litapita saa nane. Vyombo vyangu viko kwenye ndoo, na safari hii ni Lusubilo atakayeibeba.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaaga. Maneno mazuri, kuhusu watu wa namna nyingi na nchi moja. Niligeuka ubaoni kuandika tarehe, nikawa nayapanga kichwani, na nyuma yangu dawati la dirishani lilikuwa linagombana kama kawaida, viwiko na minong'ono. Sikujali.

"Mwalimu!"

Sauti sikuitambua. Ilikuwa kali, imekwaruza, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Nikageuka.

Mhoja alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa hasira, kidole kimemnyooshea mwenzake.

"Mwalimu, Ketrina ananisukuma! Kila siku ananisukuma! Na hapa ni pangu!"

Ketrina alikuwa ameachama mdomo. Kisha, kwa kuwa hawezi kushindwa, akaruka juu naye: "Si kweli, Mwalimu, yeye ndiye kaanza!"

"Muongo!" akasema Mhoja.

"Muongo wewe!"

Maneno yangu ya kuaga yote yalinipotea. Nilishika chaki kwa nguvu mpaka ikakatika, na nikatafuta sauti ya ukali, ile ya kila siku, ambayo mwalimu humpa mtoto yeyote yule.

"Ketrina," nikasema, "sogea. Mpishe mwenzio."